Namna Khalil wa Kipawa Alivyolala Chini ya Pijo Mbele ya Kadhi wa Kutu

Sogezeni viti, enyi watu wa Kipawa na wa Temeke, na nyie wa Kinondoni mnaodhani mambo makubwa hutokea kwenu tu. Punguzeni redio, shusheni vikombe, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana inayoletwa hapa ni habari ya vita. Katika vita hivyo hapakuwa na panga wala mkuki, bali bisibisi moja, sumaku moja iliyobanduliwa kwenye mlango wa friji, na mwanamume mmoja aliyelala chali juu ya gunia. Jina lake Khalil bin Muhdhar, muuza misumari na makufuli na rangi za mageti, mwenye goti moja zima na jingine la kubahatisha, ambaye kwa miaka ishirini na sita alisimama nyuma ya meza ya duka lake pale Kipawa kama nahodha asiye na chombo.

Khalil huyu aliyapenda magari ya zamani kwa mapenzi yasiyo na dawa. Uani kwake palikuwa na Datsun isiyo na injini, na kando yake injini isiyokuwa ya Datsun ile. Mkewe, Bi Zubeida, aliyavumilia mapenzi hayo kama mtu anavyomvumilia jirani mpiga ngoma: hakuyabariki, ila alikwisha zoea kulala nayo.

Na Khalil alikuwa mmoja wa watu mia mbili na kumi na wawili wa kundi la simu liitwalo Wapenda Magari ya Kale. Hilo halikuwa kundi tu, lilikuwa baraza, na baraza hilo lilikuwa na sheria kali kuliko za jeshi. Muuzaji akiandika "ina kutu kidogo", wao walisoma "njoo na ufagio". Akiandika "inatembea", walisoma "njoo na watu wa kusukuma". Picha ikiletwa, waliikuza mpaka mlango ukawa mpana kama uwanja wa mpira, wakalisaka doa la kahawia; na doa likipatikana, bei ilianza kuporomoka. Kipele kimoja kwenye madigadi, laki mbili chini. Rangi iliyovimba ubavuni, laki tano. Na sakafu ikishukiwa tu, hata bila ushahidi, basi nusu ya gari imekwenda. Ajabu ni kwamba mtu yule yule alipolileta gari lake mwenyewe sokoni, kutu iligeuka ikaitwa alama za utu uzima.

Juu ya baraza hilo aliketi Injinia Benjamin wa Kinondoni, mwenye simu mbili na jibu moja, ambaye wote walimwita Kadhi wa Kutu. Alihukumu kwa picha, na hukumu zake hazikuwa na rufaa.

Ikawa mwezi wa saba, Bi Filomena wa Pugu, muuguzi mstaafu na mjane wa Mwalimu Deogratias, akaingizwa kundini na jirani yake ili auze Pijo 504 ya marehemu, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya jana, gia yake kwenye usukani, bei milioni tisa. Alikuwa anahamia Masasi kwa bintiye Flaviana, na Pijo haipakiwi kwenye buti la basi. Picha zikaletwa tano. Katika ile ya tatu, chini ya milango, kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma, ulionekana mkanda mrefu mwekundu wa kahawia, kama mtu aliyevuka tope bila kupandisha suruali.

Kadhi akanena kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili.

"Wazee, shikamooni, na wadogo zangu mambo. Mie sipendi kumvunja moyo mama yetu, ila ukweli usemwe. Tazameni huo ubavu wa chini. Nyie mnaona gari lenye kutu. Mie naona kutu iliyobeba picha ya gari. Chini hapo hamna kitu, imeoza mpaka kwenye mfupa. Ni ya kupima kwa kilo. Milioni mbili, na hapo nimeshaweka na pole ya msiba."

Vidole gumba vikainuka kama mikuki ya jeshi linalopokea amri. Na Bi Filomena, ambaye miaka thelathini na nne aliwataka wagonjwa wawasikilize wataalamu, akawasikiliza wataalamu. Akampigia Stephano wa Temeke, mnunuzi wa vyuma chakavu, naye akaahidi kufika Jumamosi na mtungi wake wa gesi ya kukatia.

Khalil aliyasoma hayo nyuma ya meza ya duka, na moyo wake ukafanya mambo mawili kwa pamoja: ukaumia, na ukapiga hesabu. Alikuwa na milioni tano alizoziweka kando. Kama Pijo ilikuwa ya milioni mbili, basi angeweza kuinunua, akabaki na tatu za kuitibu, na kabla ya mvua za vuli angekuwa mwenye Pijo.

Jumamosi asubuhi akasimama katikati ya sebule, bisibisi mfukoni, sumaku mkononi, akamwambia mkewe, "Zubeida, leo nakwenda mahali ambapo wengi wamehukumu na hakuna aliyefika. Nikirudi na ushindi, utafurahi pamoja nami. Nikirudi mikono mitupu, usiniulize."

"Mie nakuja," alisema Zubeida akitafuta viatu. "Mara ya mwisho ulienda peke yako ukarudi na injini. Na hiyo sumaku ndo inashikiliaga karatasi ya umeme, uirudishe."

Wakakodi bajaji, wakafika Pugu jua likiwa limepanda. Stephano alikuwa amekwisha tangulia, amekaa juu ya mtungi wake, anakula muhogo wa kuchoma kwa utulivu wa mtu ambaye ushindi wake umeshapangwa. Bi Filomena akawatokea mlangoni na khanga mbili.

"Shikamoo, mama," alisema Khalil.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Ila sijui mmekuja kuangalia nini. Maana mwenye kuja kuikata huyu hapa."

"Mzee, nakupa nusu saa," alisema Stephano bila ukali. "Nina friji mbili za kubeba Mabibo."

Pijo ilikuwa imesimama chini ya kibanda cha mabati, imetulia kama mzee aliyesahauliwa kwenye foleni. Khalil akaizunguka mara tatu. Akafungua boneti. Chini ya betri akakuta kutu ya kweli, tundu linalopitisha kidole. Akafungua buti, akainua tairi la akiba. Hapo nako chuma kilikuwa kimeanza kubanduka kama ngozi ya kiazi. Akatikisa kichwa. Kisha akatandaza gunia, akamtaja Mola wake, akashuka goti la kubahatisha kwanza na zima likafuata, akalala chali, akajivuta ndani mpaka ikabaki miguu tu nje.

Na huko chini, enyi wasikilizaji, macho ya Khalil yakakutana na ule wekundu. Aliutazama kwa karibu, upana wa kiganja. Akaugusa, haukuchafua kidole. Akaukwaruza kwa ukucha, haukumeguka. Akaleta pua. Na hapo mtu aliyeuza rangi za mageti kwa miaka ishirini na sita akaitambua bidhaa yake mwenyewe: ilikuwa redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kwanza wanayopaka mageti na madirisha ili chuma kisiliwe na kutu. Akagonga kwa mpini wa bisibisi, chuma kikaitika ting, kikavu na kizima kama sufuria jipya. Akaweka sumaku, ikarukia bodi na kung'ang'ania. Kile ambacho watu mia mbili na kumi na wawili walikiita ugonjwa kilikuwa dawa.

Hapo ndipo vita vya kwanza vilipopiganwa, na hakuna aliyeviona, kwa sababu vilipiganwa ndani ya kifua cha mtu aliyelala. Upande mmoja alisimama Tamaa, amevaa vizuri, akasema: nyamaza, toa milioni mbili na nusu, mjane atakushukuru kwa ile nusu. Upande wa pili alisimama mwingine asiye na silaha yoyote, ambaye hakusema kitu, alimtazama tu. Khalil akakaa baina yao muda mrefu kiasi kwamba Zubeida alimgusa mguu kwa ncha ya kiatu.

"Umelala?"

Akatoka, vumbi kichwani. Zubeida akamtazama usoni. Wameoana miaka thelathini na moja.

"Umeona nini huko chini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Chuma kizima. Ule wekundu ni rangi ya mageti."

"Mama anajua?"

"Hajui. Zubeida, nikimwambia, bei inapanda, na mie sitaiweza."

"Itapanda, ndiyo," alisema Zubeida. "Na usipomwambia, mie ndo nitakayekaa na wewe nyumbani unavyojigeuza kitandani. Mwambie."

Akamwambia. Alisimama mbele ya Bi Filomena, akaweka mkono kifuani, akanena kama anayesoma mkataba wa amani: "Mama, gari lako ni majeraha mawili na mwili mzima. Chini ya betri kuna tundu, na kwenye buti kutu imeanza. Ila huu ubavu walioutukana ni chuma kisicho na kasoro. Asilikate mtu."

Bi Filomena alimsikiliza kwa upole uliokuwa wa kazi yake ya zamani. "Mwanangu, ahsante. Lakini watu mia mbili wamesema imeoza, tena kuna injinia. Wewe uko mmoja."

Stephano akajipangusa mikono, akasimama. Akaanza kufungua waya uliofungwa mtungini.

Basi Khalil akatoa simu, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka minne ya uanachama wake wa kimya: akalipigia baraza zima kwa video. Nafasi za simu ya namna hiyo zilikuwa thelathini na mbili, nazo zikajaa kabla Stephano hajamaliza fundo la kwanza. Katikati yao ukatokea uso wa Kadhi mwenyewe, yuko kwa kinyozi, shuka jeupe shingoni kama vazi la hukumu.

"Injinia," alisema Khalil, "ulihukumu ukiwa mbali. Mie naingia chini. Niambie mahali pa kugonga, nami nitagonga, na chuma kijibu chenyewe."

"Poa, mzee wangu," alisema Benjamin. "Ila usinichagulie. Mie ndo nachagua."

Simu akaishika Zubeida, akachuchumaa kando ya gari. Khalil akarudi chini. Kwa haraka zake hakuangalia gunia lilikokuwa limesogea. Nalo lilikuwa limesogea juu ya njia ya siafu.

"Anzia nyuma ya tairi la mbele," aliamuru Kadhi.

Ting.

"Shuka kidogo. Hapo kwenye kiungo."

Ting.

"Weka sumaku. Watu huziba matundu kwa puti wakapaka rangi juu."

Sumaku ikanata. Na saa ile ile jeshi la siafu, lililokuwa likipita kwa amani katika shughuli zake, likauona mguu wa suruali ya Khalil umefunguka kama lango la mji lisilo na mlinzi, likaingia. Walipanda kwa safu na nidhamu, wakavuka kifundo, wakauzingira muundi, na wa mbele wakafika gotini, lile zima, wakatia meno.

"Khalil," alisema Zubeida, "kuna siafu."

"Najua," alisema Khalil. "Tumeshajuana."

"Toka basi."

"Siwezi. Nikitoka watasema nimekimbia chuma."

"Mzee, mbona sauti inatetemeka?" aliuliza Kadhi.

"Ni hisia, Injinia. Sema pa kugonga."

Na Kadhi, asiyejua yanayoendelea, hakuwa na haraka. Sogea nyuma kidogo, hapana, umepitiliza, rudi. Khalil aligonga. Alitokwa jasho, akafumba jicho moja, akauma ukosi wa shati lake, lakini mkono wa bisibisi haukutetemeka, kwa kuwa mkono ungetetemeka sauti ingeharibika, na sauti ndiyo iliyokuwa shahidi wake. Mara kumi na mbili aligonga, na mara kumi na mbili chuma kilijibu.

Alipofika mwisho, karibu na tairi la nyuma, mwanga wa simu uliangaza sehemu ya ndani, na Khalil akaona maandishi. Yalikuwa madogo, ya brashi, rangi nyeupe juu ya nyekundu, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea ubao.

"Mama," aliita, "hapa kuna tarehe."

"Tarehe gani?"

"Kila mara alipopaka, aliandika. Mei themanini na tisa. Agosti tisini na moja. Februari tisini na tano." Akameza mate, siafu mmoja alikuwa amevuka mpaka uliopaswa kuheshimiwa. "Zinaendelea mpaka Machi, elfu mbili na kumi na tisa."

Bi Filomena alikuwa ameshuka barazani bila mtu kumwona. Alikaa chini, juu ya udongo, kando ya Zubeida, akainama aone. Mumewe alifariki Juni ya mwaka huo.

"Jumamosi zote alikuwa huko chini," alisema. "Namwita chakula, anasema nakuja. Mimi nikidhani anawakimbia dada zangu." Akasogea karibu zaidi na tairi. "Soma Desemba ya tisini na sita. Dada yangu Editha alikuja na wanawe saba, wakakaa mwezi mzima."

Khalil akatafuta. "Desemba tisini na sita," alisema, "amepaka mara nne."

Bi Filomena akacheka. Alicheka mpaka khanga ya kichwani ikaanguka, akafuta macho kwa pindo lake, akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha. Stephano akafunga tena waya mtungini. Huko kwenye simu, hata kinyozi wa Kadhi alikuwa amesimamisha mashine akitazama.

"Mzee Khalil," alisema Benjamin mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe, "hiyo redoksaidi. Kwenye picha haikuonekana vile."

"Haikuonekana," alisema Khalil. "Naomba ruhusa ya kutoka."

Akatoka kama risasi, akapita nyuma ya kibanda, na yaliyotokea huko baina yake na suruali yake historia imeyasitiri.

Alipokuwa huko, simu ya Bi Filomena ikaita. Akasikiliza, akaitikia mara mbili, akakata. "Ni injinia," aliwaambia. "Anasema yuko tayari kuja jioni hii na milioni saba."

Khalil aliyasikia hayo akiwa nyuma ya mabati na mguu mmoja juu, akajua kwamba vita ameshinda na mji ameupoteza. Hukumu ya milioni mbili ilikuwa imebatilishwa na mfuko wa hakimu mwenyewe. Akavaa, akarudi, akatafuta maneno ya kuaga.

Lakini Zubeida hakuwepo pale alipomwacha. Alikuwa amefungua mlango wa nyuma wa Pijo, ameketi kwenye kile kiti kipana, miguu ameinyoosha yote, yeye ambaye magoti yake yaliuma kila alipobanwa kwenye vigari vya siku hizi. Alikuwa amefumba macho.

"Mama Filomena," alisema bila kuyafumbua, "mume wangu ana tano. Mie nina moja yangu ya vitenge. Sita, leo hii, na miguu yake umeiona."

"Yule kasema saba, mwanangu."

"Yule kasema mbili kwanza."

Bi Filomena akafikiri. "Ni kweli. Lakini gari ni la saba, na huyu mumeo ndiye aliyeonyesha kuwa ni la saba. Nikiwapa kwa sita, kazi yake itakuwa nini?"

Kwa hoja hiyo Zubeida, binti wa wafanyabiashara kwa vizazi vinne, alifumbua macho, akamtazama mama yule kwa heshima mpya. "Basi saba kwa saba," alisema. "Na mie natoa mbili. Ila kiti hiki ni changu."

"Yeye alikuja kwa picha," alisema Bi Filomena, "nyie mmelala chini. Chukueni."

Ndivyo Pijo ilivyotoka Pugu siku ile ya Jumamosi. Betri waliazima kwa Stephano, ambaye pia aliisukuma, akisema hajawahi kulisindikiza gari likienda upande ule. Khalil akaishika gia ya usukani, mguu umevimba kama mkate wa mofa, akaitelemsha barabara kuu kwa mwendo wa arobaini, na nyuma yake Bi Zubeida ameketi peke yake katikati ya kiti, akipokea salamu za watu wa Gongo la Mboto kama malkia anayekagua nchi aliyoirithi.

Kesho yake kabla ya adhuhuri, Kadhi wa Kutu aliandika kundini. Aliandika kwamba kuanzia sasa hakuna atakayetaja kutu ya gari la mtu bila kutaja pia kidole cha nani kilichoigusa, na sheria hiyo iitwe Sheria ya Pugu. Chini yake, kwa herufi ndogo na bila nukta, aliongeza: nilikosea. Kisha simu ya Khalil ikatoa mlio, ikamjulisha kwamba ameteuliwa kuwa msimamizi wa tatu wa kundi.

Alimwonyesha mkewe, aliyekuwa akimpaka mafuta ya karafuu mguuni.

"Wanalipa?" aliuliza Zubeida.

"Hawalipi."

"Hongera," alisema, na alimaanisha.

Basi wenye kalamu na waandike. Zipo falme zilizoanguka bila kutajwa, na majemedari waliokufa makaburi yao yakalimwa mihogo. Lakini Khalil bin Muhdhar wa Kipawa aligonga mara kumi na mbili chini ya meno ya siafu na mkono wake haukutikisika, akasema ukweli uliompandishia bei yeye mwenyewe, akautoa chini ya moto wa gesi mwili wa Pijo moja. Na kutoka siku hiyo mpaka leo hii, katika watu mia mbili na kumi na wawili wa baraza lile, ana mamlaka kamili ya kufuta ujumbe wa mtu yeyote, naye bado hajafuta hata mmoja, kwa sababu hajui pa kubonyeza.